Postikadi ya gari la moshi la Bububu: nitajuaje kama ni ya kale kweli?

Mtoto wa Malindi:
Assalaam alaykum wakubwa. Shangazi yangu amehama nyumba, na ndani ya kasha lake la vitabu imetoka bahasha ya postikadi. Nyingi ni za Forodhani na Beit al-Ajaib, hizo nimezizoea. Moja ndiyo imenikosesha usingizi: gari la moshi dogo linapenya katikati ya nyumba, watu wamejibana ukutani lipite. Chini pameandikwa kwa Kiingereza kuwa ni reli ya Bububu, hapa kwetu Unguja.

Nimeipeleka kwa muuza vitu vya kale, akasema ni nakala ya kuuzia watalii tu, halafu hapo hapo akanipa elfu kumi nimwachie. Nikaondoka nayo. Na jamaa wa steshenari ananishauri niipige laminesheni isije ikachanika. Nyinyi wenye mikusanyo ya treni, mnazitambuaje?

Bi Posta (Tanga):
Wa alaykumu salaam mwanangu. Laminesheni usithubutu! Ile gundi ikishayeyuka kwenye karatasi haitoki tena, na kadi iliyopita kwenye mashine ile hata bure hakuna atakayeichukua.

Sasa igeuze. Nyinyi vijana mnatazama picha. Mimi nimestaafu kwenye dirisha la posta, natazama mgongo. Zamani upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake, salamu mtu akazibanabana mbele pembeni mwa picha. Waingereza waliruhusu mgongo ugawanywe kwa mstari, maneno kushoto na anwani kulia, mwaka 1902. Wajerumani wakafuata 1905, Wamarekani 1907. Na reli yenyewe ya Bububu ilifunguliwa 1905. Waliijenga Wamarekani, kampuni ya Arnold Cheney & Co., kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, maili saba hivi. Kwa hiyo mtu akikuletea kadi ya gari hilo akakwambia ni ya 1898, mwambie asalimie nyumbani.

Kuna stempu? Zanzibar walihesabu kwa ana na rupia, pesa za Kihindi, senti zikaingia 1908. Stempu za 1904 zina herufi za jina la Sultan Ali bin Hamud zilizofumwa pamoja, za 1908 zina sura yake. Sayyid Khalifa bin Harub alikalia kiti 1911, na sura yake ikatoka kwenye stempu za 1913. Muhuri wa posta unamaliza ubishi, ila nusu tu: unakuhakikishia kwamba kadi haikuchapwa baada ya siku ile. Picha yaweza kuwa na umri zaidi, maana wenye maduka walikuwa wakichapa picha moja miaka na miaka, madhali inanunuliwa.

Kisha azima kioo cha kukuzia cha sonara. Vitone vya rangi nne vilivyojipanga mafungumafungu ni uchapaji wa juzi. Fotografia halisi haina vitone kabisa, na sehemu zake nyeusi ukiziinamisha kwenye mwanga mara nyingi zina mng'ao wa fedha. Mwisho nenda kwa wakala wa pesa mwenye taa ya zambarau ya kukagulia noti. Karatasi ya kabla ya miaka ya 1950 haiwaki chini ya taa ile. Ikiwaka weupe wa buluu, muuzaji wako alisema kweli.

Kilindini:
Bi Posta hajambakishia mtu kitu. Mimi nakusanya Mombasa, na kwetu kinachotafutwa ni toroli: vigari vidogo vyenye paa la turubai, juu ya reli nyembamba iliyotandikwa barabarani, abiria amekaa amekunja nne na watu nyuma wanasukuma kwa miguu. Hizo ndizo tramu zetu, hazikuwa na farasi wala umeme. Picha zake zilichapwa nyingi, bado unaweza kuzipata.

Ila mimi nataka kadi safi, ambayo haijaandikwa. Wino huvuja mpaka mbele ukaharibu picha.

Bi Posta (Tanga):
Hapo hatuelewani, kaka yangu. Kadi safi ilikaa dukani tu, haikwenda kokote. Nina moja ya reli ya Usambara, stempu ya heller, senti ya Wajerumani wa wakati ule, muhuri wa Mombo. Mjerumani anamwambia mama yake kwamba treni imefika na kilichobaki ni kupanda mlima. Reli ilifika Mombo 1905, ukitaka Lushoto, wakati huo Wilhelmstal, ulipanda kwa miguu au kwa mnyama. Picha ni ya stesheni tu, haina uzuri wowote. Unipe tano zako safi sitabadilishana.

Mtoto wa Malindi:
Nimerudi kwa wakala. Haiwaki! Zile za Beit al-Ajaib mbili zimewaka kama taa ya harusi, hii imebaki kahawia vilevile. Mgongo una mstari katikati, stempu ni ya senti, na muhuri umefifia lakini 09 inasomeka. Sasa nihofie nini? Chumba changu kina unyevu, kuta zinatoa chumvi.

Bi Posta (Tanga):
Basi imepita kati ya 1905 na 1909, na stempu inakusogeza 1908 au baadaye. Mwenye elfu kumi alijua anachofanya.

Usiibandike popote. Albamu zile zenye kurasa za kunata ni adui, na mifuko ya plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafuni nayo ni adui, hutoa mafuta baada ya muda. Tafuta mifuko ya polyester au polipropilini. Iweke ndani ya boksi pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu, ubadilishe kila vikichoka, na boksi likae kabatini mbali na ukuta. Kila masika lifungue ukague ukungu na mende. Usiifuatie doa kwa kitambaa chenye maji.

Na ukiipiga picha kuiweka humu, piga pande zote mbili. Nataka kusoma alichoandika.

Kilindini:
Shangazi akitoa bahasha nyingine, mimi nipo kabla ya yule wa duka. Hata kama zimeandikwa.