Python: global, return au moduli? Nyie mnatumia ipi?

fundi_mtaa: Wakuu, nina kiprogramu cha mauzo ya duka. Juu kabisa nimeandika `jumla = 0`, halafu:

```
def uza(bei):
    print(jumla)
    jumla = jumla + bei
```

Inagoma kwenye `print`: UnboundLocalError. Nikifuta mstari wa mwisho, `print` inakubali! Mstari wa chini unamharibiaje wa juu? Na nitibu kwa `global`, `return` au moduli (faili la pembeni la Python)?

BintiPwani: Python inaipitia fanksheni nzima kabla ya kuiendesha. Ikikuta jina linapewa thamani popote mle, inalihesabu la ndani tangu mstari wa kwanza. Ndiyo maana `print` yako inatafuta jumla ya ndani ambayo bado haina kitu. Hata `+=` ni hivyo hivyo. Mimi ni `def uza(jumla, bei):` yenye `return jumla + bei`, na huku nje `jumla = uza(jumla, 500)`.

kaka_usiku: `global jumla` mwanzoni mwa fanksheni, itumie ile ya nje, mstari mmoja, kazi imeisha. Mistari 40 tu, sherehe zote hizo za nini?

BintiPwani: Mistari 40 leo, kaka. Nishakesha mpaka adhana ya alfajiri namsaka aliyebadilisha kigeu, kumbe fanksheni tatu zote zilikuwa na `global`.

mzee_wa_lua: Shukuruni inawapigia kelele. Kwenye lugha ya Lua usipoandika `local`, jina ni la programu nzima. Ukikosea herufi moja, umezaa kigeu kipya kimyakimya. JavaScript nayo ilikuwa hivyo hivyo hadi 2009 ilipokuja `'use strict'`, na mpaka leo usipoiweka inaweza kukufanyia.

fundi_mtaa: Sasa mbona `mauzo.append(bei)` inapita bila `global`?

BintiPwani: Hapo hujalipa jina kitu kipya, umeongezea kwenye orodha ileile. Jaribu `mauzo = mauzo + [bei]` uone.

msomi_wa_jioni: Hiyo ya moduli ndiyo naipenda mimi. Weka `jumla = 0` kwenye duka.py, kisha `import duka` na `duka.jumla += bei`. Kila anayesoma anaona jina linatoka daftari gani. Ila usiandike `from duka import jumla`. Hapo unaliandika jina upya kwenye daftari lako. Ukilipa thamani mpya, la kule duka halina habari.

fundi_mtaa: Aaah! Jana ndivyo nilivyofanya. Ripoti ilikuwa inasoma `duka.jumla`, ikaniambia 0 jioni nzima, na wateja nimewahudumia kwa mikono yangu. Ngoja nikabadilishe.