Vespa PX 150 ya zamani: nianzie kwenye rangi au kwenye injini?

Kijana wa Kikwajuni

Assalamu alaykum. Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari zenu.

Ami yangu amenipa skuta ya Vespa PX 150 ya miaka ya 1980 ambayo imekaa bandani kwa muda mrefu hapa Unguja, nami nimeazimia kuitengeneza mwenyewe uani, kwa kadiri ya uwezo wangu, kabla ya kumwita fundi. Hali yake ni hii: kiki inakanyagika na injini inazunguka, lakini haiwaki. Rangi yake ya asili ni nyeupe, ila mtu aliipaka buluu kwa brashi juu yake, na sasa hiyo buluu inabanduka kwa magamba. Nilipong'oa zile bati nyembamba zenye mpira zilizo mahali pa kuwekea miguu, nikakuta kutu imetoboa sehemu mbili.

Nina spana, bisibisi na dirili yenye brashi ya waya, na nimeahidiwa kuazimwa kompresa. Ningependa iwe ya kijani kilichopauka, iwe na kiti kirefu cha watu wawili na keria ya mbele, na ikiwezekana niiwekee silinda kubwa zaidi. Majirani wananishauri niipige rangi kwanza, kwa hoja kwamba nikishaiona inapendeza nitapata moyo wa kuendelea na mengine. Mnasemaje?

Fundi wa Ng'ambo

Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Majirani wamekutakia mema, lakini rangi ndiyo kazi ya mwisho, na katika chombo hiki kuna sababu ya pekee. Vespa haina fremu ya mabomba kama pikipiki nyingine. Tangu Corradino D'Ascanio alipoibuni kwa ajili ya kampuni ya Piaggio ya Italia, ikaingia sokoni mwaka 1946, bodi ya bati ndiyo fremu yenyewe, na inayobeba injini, usukani na abiria ni hiyo hiyo bati unayoiona imetoboka. Kwa hiyo matundu yale si suala la sura, na ukiyaziba kwa puti (lipu laini ya kujazia bati) ukapaka kijani juu yake utakuwa umeficha udhaifu mahali ambapo miguu yako na mizigo yako vitakaa kila siku.

Kwanza igeuze ubavu uitazame kwa chini. Kuna mihimili iliyochomelewa chini ya sakafu, na maji ya mvua pamoja na chumvi ya hewa yetu hujificha kati ya mihimili hiyo na bati. Gonga kwa nyundo ndogo kila mahali: bati nzima hulia, bati iliyoliwa hutoa sauti nzito na pengine nyundo huzama. Ikiwa ubovu ni wa sehemu ndogo, kata mpaka ufikie bati safi, kisha weka kiraka cha unene ule ule. Ikiwa mihimili nayo imeliwa, usikate sakafu yote kabla ya kuchomelea chuma cha muda kinachounganisha ngao ya mbele na sehemu iliyo chini ya kiti, kwa sababu bila hicho bodi itapinda, na Vespa iliyopinda huvuta upande mmoja barabarani hata ukiibadilishia kila kitu kingine.

Kazi ya kuchomelea mpe mwenye mashine inayofaa bati nyembamba, kwani mashine za kuchomelea mageti huitoboa badala ya kuiunga. Kabla hajaanza, chomoa tangi la petroli ulipeleke mbali kabisa, na uchomoe kisanduku cha umeme wa plagi pamoja na regulata ili visiungue.

Jambo jingine ambalo wapakaji rangi hulisahau: namba ya fremu imepigwa kwenye bati nyuma, upande wa kulia, chini ya kifuniko cha ubavuni. Usiisugue kwa dirili wala usiifunike kwa puti. Namba ikifutika, chombo hicho hutakiuza, na ukisimamishwa utakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Msasa na Tina, Mombasa

Naungana na mzee hapo juu, nami nitaongeza kuhusu rangi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoifanya na pwani yetu ni moja.

Ile buluu ya brashi iondoe yote, pamoja na nyeupe iliyo chini yake popote inaponyanyuka. Rangi mpya haishiki kwa nguvu kuliko kile ilichoshikilia. Anza na msasa wa 80 kwenye kutu, uje 180 (namba ikiwa ndogo msasa ni mkali zaidi), na ukishafika kwenye bati inayong'aa usiiache ikalala usiku bila prima, yaani rangi ya chini ya kushikia, maana kwa hewa ya bahari kutu nyembamba hurudi upesi sana. Kwenye mikunjo ambayo brashi ya waya haifiki, tumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, kisha fuata maelezo ya chupa kwa uaminifu. Prima iwe ya epoksi, kwa kuwa prima za kawaida za kijivu hunyonya unyevu na zinahitaji kufunikwa mapema. Puti huja baadaye, nyembamba, kwa mibonyeo tu. Baada ya hapo msasa wa maji, 400 kisha 600, ndipo rangi.

Kuhusu wakati, usipulize rangi katika masika. Unyevu ukizidi, rangi za selulosi huganda na ukungu mweupe juu yake, na watu wengi hudhani wameuziwa rangi mbovu. Tina inayokauka polepole husaidia kiasi, lakini siku kavu husaidia zaidi. Fanya kazi asubuhi kabla upepo haujaanza kubeba vumbi, mwagia maji sakafu ya ua, na ufunge mtego wa maji kwenye mpira wa kompresa, la sivyo matone yataingia kwenye bunduki ya rangi na kuacha vishimo.

Hili sitalipitia haraka. Rangi zinazochanganywa na hadina (dawa ya kuzigandisha) huwa na aisosayaneti, kemikali inayoweza kuleta pumu ya kudumu hata kwa mtu aliyekuwa mzima wa afya. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii chochote hapo. Kwa rangi hizo unahitaji vifaa vya kupumulia vya kazi hiyo hasa, na uani kwenu kuna watoto na pengine wazee. Ushauri wangu ni kwamba maandalizi yote uyafanye nyumbani, kisha bodi uipeleke kwa mwenye chumba cha kupulizia. Maandalizi ndiyo yanayokula muda na pesa, kwa hiyo utakuwa umeokoa sehemu kubwa ya gharama bila kumhatarisha mtu.

Abu Plagi

Salaam. Mimi nitasema juu ya kutowaka tu.

Usiendelee kukanyaga kiki. Fungua plagi, tia oili kidogo katika tundu lake, uiache isambae, ndipo uizungushe injini polepole, kwa sababu ringi zilizokaa kavu hukwaruza silinda. Kisha tazama cheche. Ikiwa hakuna, angalia nyaya zinazotoka kwenye koili zilizo nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la ubavuni mwa injini: katika PX za miaka hiyo ngozi ya nyaya hizo hukauka na kumomonyoka kwa joto na oili, zikagusana. Ikiwa cheche ipo, basi petroli imegeuka utomvu ndani ya kabureta. Jeti, yaani vitundu vidogo vya kabureta vinavyopitisha petroli, zisafishe kwa tina na upepo wa kompresa, usizichokoe kwa waya, kwani tundu likipanuka hata kidogo kipimo cha mafuta kimeharibika.

Oili ya gia ni mililita 250 za SAE 30 ya kawaida. Klachi yake huogelea humo humo, kwa hiyo usitie oili za kisasa za magari zilizowekewa viungo vya kupunguza msuguano, maana itateleza. Petroli nayo ichanganywe na oili ya tustroki kwa asilimia 2, yaani mililita 100 kwa lita 5, isipokuwa kama yako ni ile yenye tangi la oili la peke yake.

Unapobadilisha tairi, toa upepo wote kwanza. Rimu za PX ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, na mwenye kulegeza nati zile tairi likiwa limejaa hurushiwa kipande cha chuma.

Kijana wa Kikwajuni

Shukrani sana, wazee wangu. Tangi nimeshalichomoa, na nimekubali kwamba upulizaji rangi hautafanyika uani. Oili yangu ni ya kuchanganya, kwani hakuna tangi la pili. Limebaki swali la silinda: nimeelezwa kwamba ya 177 (yaani sisi 177, badala ya 150) inaingia bila kukata chochote. Je, ni kweli?

Fundi wa Ng'ambo

Ni kweli kwamba inaingia. Pistoni ya asili ina kipenyo cha milimita 57.8 na ile ya 177 ina milimita 63, na mwendo wake wa kupanda na kushuka ni ule ule wa milimita 57. Lakini itadai jeti kubwa zaidi, na ukikosea kipimo hicho pistoni itakwama ukiwa kwenye mwendo. Tena breki zako ni za dramu mbele na nyuma, kwa kuwa diski ya mbele ilikuja na PX za mwaka 1998. Sioni busara ya kuongeza mwendo katika chombo ambacho hakijaongezewa kusimama, hasa na abiria nyuma. Kiti kirefu na keria weka, havina neno. Rangi ikishabadilika, peleka taarifa ili kadi ya usajili iandikwe kijani badala ya nyeupe.

Sili mbili za krenki (mipira ya kuzuia uvujaji kwenye mhimili unaozungushwa na pistoni) badilisha hata kama zinaonekana nzima, kwa sababu mpira uliokaa muda wote huo huwa mgumu. Ya upande wa flaiwili ikivuja, injini huvuta hewa, hupanda mzunguko yenyewe na kuchemka. Ya upande wa klachi ikivuja, utaona moshi mwingi na oili ya gia inapungua.

Ukishaitoa silinda ya sasa, ipime juu, katikati na chini, kisha andika hapa vipimo ulivyovipata, tujue kama inahitaji kuchongwa na kutiwa pistoni ya ukubwa unaofuata, au ringi mpya zitatosha.