Fluorimita inapanda kila maji yakipwa: ni mafuta au ni maji ya mikoko?

Chelezo_3
Wakuu, naomba msaada wa kusoma takwimu. Fluorimita ya kuzamishwa (kifaa kinachopima mng'ao wa mafuta majini) imefungwa mlangoni mwa lagoni yenye mikoko, mita 1 chini ya uso, inapima kila dakika 15. Maji yakijaa inasoma karibu na sifuri, yakipwa inapanda, na siku za bamvua inapanda zaidi. Utando hauonekani. Ila picha za rada za setilaiti ya Sentinel-1, zile za alfajiri, zina mabaka meusi ndani ya lagoni karibu kila mara. Je, hivi viwili vinathibitishana? Halafu chupa za maabara ni chache kwa mwezi, nizitumie wapi?

HeksaniSafi
Havithibitishani, mkuu. Tuanze na fluorimita. Majani ya mikoko yakioza huyapa maji rangi ya chai, na rangi hiyo hung'aa chini ya mwanga wa urujuanimno karibu sawa na mafuta. Kifaa cha kuzamishwa hakitenganishi kitu, kinahesabu mng'ao tu, uwe wa mafuta au wa majani. Maji yanayotoka hori wakati wa kupwa ndiyo yenye chai nyingi.

Funga kipima chumvi na kipima tope la maji pembeni yake. Chora grafu, chumvi kwenye mlalo, mng'ao kwenye wima. Nukta zikijipanga kwenye mstari ulionyooka, mng'ao ukishuka kadiri chumvi inavyopanda, hayo ni maji ya mikoko yanachanganyika na ya bahari. Nukta zilizoruka juu ya mstari, hasa zikitokea ghafla na kupotea baada ya saa moja au mbili, hizo ndizo za kukimbilia na chupa. Ukipata mwinuko unaokua polepole siku hadi siku bila kujali kupwa wala kujaa, usihangaike na maji: futa lenzi kwanza, imeota ukoga.

Chupa iwe ya kioo cha kahawia, lita 2.5, imesuuzwa kwa heksani (kiyeyushi cha mafuta) na kukaushwa, kifuniko kina bitana ya tefloni. Usiisuuze kwa maji ya bahari kabla ya kujaza, kwa sababu mafuta hushika ukutani mwa kioo na utakuwa umeyajumlisha mara mbili. Iteremshe imefungwa kwenye fremu yenye uzito, ifunguke ikiwa mita 1 chini. Ukiifungua juu itanywa utando wa uso na jibu litakuwa la uso. Zima injini, chukua sampuli omoni, upande wa joshi, kwa maana moshi na maji ya ngama hutokea tezi. Tia asidi ya haidrokloriki mpaka pH ishuke chini ya 2, weka kwenye nyuzi 4, na uyatoe mafuta kwa heksani ndani ya siku 7.

Maabara: tikisa maji na heksani mililita 50, mara mbili, chukua heksani, kausha kwa salfeti ya sodiamu isiyo na maji, kisha soma kwa mwanga wa nanomita 310 ukipokea 360, ukilinganisha na kriseni, kemikali ya kipimo cha rejea. Sehemu kubwa ya ile chai hubaki kwenye maji, haiendi na heksani. Na kila safari beba chupa moja ya maji safi, ifunguliwe na kufungwa chomboni kama zile nyingine. Bila hiyo hutajua kama uchafu umetoka baharini au mikononi mwenu.

JichoLaRada
Kuhusu mabaka: rada haioni mafuta, inaona mawimbi madogo. Mafuta huyalaza, na shwari nayo huyalaza. Sentinel-1 hupita karibu saa 12 asubuhi au saa 12 jioni, na lagoni iliyokingwa na mikoko alfajiri huwa shwari kabisa. Upepo ukiwa chini ya takriban mita 3 kwa sekunde, tupa picha. Ukizidi 10 hivi, utando mwembamba huvurugwa na hauonekani tena. Kata pia pikseli mbili tatu za ukingo wa nchi kavu.

Nje ya mlango rada ina faida zaidi. Baka refu, jembamba, lenye kingo kali na kuanzia kwenye njia ya meli ni la kutiliwa shaka. Lisilo na umbo, linalofifia pembeni, mara nyingi ni upepo au mvua. Kulifuata, ongeza kwenye mkondo asilimia 3 ya kasi ya upepo: upepo wa mita 5 kwa sekunde husogeza utando kama mita 540 kwa saa.

Chelezo_3
Asanteni. Na kukiwa na utando, kiasi nakikadiriaje kwa macho?

JichoLaRada
Kwa rangi. Ya fedha ni lita 40 hadi 300 kwa kilomita ya mraba. Ya upinde wa mvua ni 300 hadi 5,000. Utando wa mita 200 kwa 50 wenye rangi za upinde basi ni lita 3 hadi 50 tu. Kabla ya hapo choma kwa kijiti: ukivunjika vipande kama gamba na visiungane, ni bakteria wa chuma, ukijifunga tena, ni mafuta.

Tope_na_Kome
Mimi chupa hizo nusu ningeziacha. Maji hutoka na kupwa, tope linabaki. Chukua sentimita 2 za juu kwa kijiko cha chuma cha pua, funga kwa karatasi ya alumini, gandisha nyuzi −20, na upime pia kaboni ogania na chembe zilizo chini ya maikromita 63, la sivyo utalinganisha mchanga na tope na kudhani hori ndilo chafu. Ongeza kome au chaza wa ukubwa mmoja, sehemu zilezile.

Kwenye PAH (kemikali za mafuta na za moshi) gawanya fluoranthini kwa jumla yake na pyrini, zote mbili zikiwa PAH. Chini ya 0.4 huelekea mafuta yasiyochomwa, 0.4 hadi 0.5 mafuta yaliyochomwa injinini, juu ya 0.5 kuni na makaa. Usikate shauri kwa uwiano huo mmoja. Ukibishana na mwenye meli, utahitaji hopani (kemikali za mafuta zinazotambulisha chanzo chake) za sampuli yako na za tangi lake kwenye mashine moja, siku moja.