Naombeni ushauri: mteja anataka mpango wa mazingira, na maji yangu ya rangi yanaishia mtaroni

Mama Nyuzi
Habari za jioni wakuu. Nina karakana ya kutia rangi nyuzi za pamba hapa Morogoro, kazi za mkataba. Kila mkupuo ni kilo 100, pipa la lita 2,000, rangi za riaktivi (zile zinazojifunga na uzi kwa kemikali), chumvi na magadi. Mteja wangu mkubwa hasaini mkataba mpya mpaka aone mpango wa mazingira ulioandikwa. Na mwenyewe roho inaniuma. Juzi tumetia bluu, nikafuata maji hadi mwisho wa mtaro, nikamkuta jirani amekinga ndoo, anamwagilia mchicha. Mtambo wa kusafisha niliotajiwa bei yake inazidi karakana nzima. Nianzie wapi?

Fundi Boila
Dada, anzia kwenye pipa. Chumvi unapima kwa lita ya maji, si kwa kilo ya nyuzi. Gramu 60 kwa lita, mara lita 2,000, ni kilo 120 za chumvi kila mkupuo, na hakuna shimo la kutuamishia litakaloitoa chumvi ile. Ukishuka lita 1,000 ni kilo 60, moto wa kupasha maji nao unapungua, na rangi inashika zaidi. Ila nyuzi zikibanana na pampu ikawa dhaifu utapata mabaka, kwa hiyo jaribu 1,500 kwanza. Maji ya suuza ya mwisho yahifadhi, yawe suuza ya kwanza ya mkupuo unaofuata. Rangi nyepesi tia asubuhi, nzito jioni, maji ya suuza yasichafue nyepesi.

Mstaafu wa Maji
Fundi kasema kweli. Upande wa sheria, karakana iko kazini tayari, kwa hiyo ulizia ukaguzi wa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ufanywe na mtaalamu aliyesajiliwa. Mpango unatoka humo. Usinunue mpango wa mtu mwingine ukabadilisha jina, nimeona watu wakiumbuka. Viwango vya maji ya kumwaga: pH (kipimo cha ukali wa asidi au magadi) 6.5 hadi 8.5, BOD (oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu) isizidi 30 na COD (oksijeni ya kuuvunja uchafu kwa kemikali) isizidi 60, miligramu kwa lita. Yako yenye magadi hayakosi pH 10. Halafu, mto uko umbali gani? Sheria inataka mita 60.

Kijana wa Kihonda
Shabu, ile ya kusafishia maji, peke yake haivuti vizuri rangi za riaktivi, zimeyeyuka mno. Sisi tulichukua glasi sita za maji machafu, kila moja salfeti ya chuma na chokaa kwa kipimo tofauti, tukaacha nusu saa. Glasi ya nne juu ilikuwa kama chai ya rangi iliyochujwa, chini tope zito. Tope hilo usilipeleke shambani. Likaushe, umpe mwenye kibali cha taka hatarishi. Na pH ipime tena kabla ya kumwaga, chokaa huipandisha.

Mama Nyuzi
Asanteni sana, Mungu awabariki. Mto uko mbali, zaidi ya mita 200. Jumatatu tunajaribu lita 1,500 kwa njano, nitaleta majibu ya glasi. Jirani nimemwomba asichote tena mtaroni, nimemvutia mpira kutoka bombani kwangu.