Kuiga safu ya nanotyubu za kaboni kwa 10 THz: wavu unaua kompyuta

Mawimbi_Lab
Wakuu, naiga kwa kompyuta safu ya nanotyubu (vimirija vyembamba vya kaboni) aina ya (10,10), yaani namba za jinsi tabaka la kaboni lilivyokunjwa, nusu kipenyo 0.678 nm, zimesimama wima, nafasi 20 nm, masafa 10 THz. Nimezichora kama nyaya za shaba. Kwa wavu (vijisanduku vya kukokotolea) wa 0.3 nm, mzunguko mmoja tu wa wimbi unakula hatua za muda zaidi ya 170,000. Nipunguze nini?

Kinzani
Punguza tyubu zenyewe, mkuu: usizichore moja moja. Na shaba itoe kabisa. Indaktansi (ukinzani wa waya dhidi ya mabadiliko ya mkondo) ya sumaku ni kama 1 pH kwa mikromita, lakini kwenye nanotyubu ya metali inayotawala ni ile ya ukaidi wa elektroni (hazitaki kubadili mwendo ghafla): takriban 4 nH kwa mikromita. Modeli ya kawaida ya shaba haina hiyo.

Badala ya tyubu zote, weka bloku moja yenye pamitiviti (namba ya jinsi kitu kinavyoitikia uga wa umeme) mbili. Uga ukikata tyubu: karibu 1. Sambamba nazo: 1 − ωp²/(ω² − jων), ambapo ωp² = N/(ε0·L); ω ni 2π mara masafa, ωp ni ya plazma, ν ni kasi ya elektroni kugongana, N ni idadi ya tyubu kwa eneo, L ni ile indaktansi ya ukaidi, ε0 ni pamitiviti ya ombwe. Nafasi yako inatoa N = 2.5×10¹⁵ kwa mita ya mraba, hivyo ωp/2π ni 42 THz, na kwa 10 THz unapata kama −17. Uga ulio sambamba na tyubu unafifia ndani ya mikromita 1.2 hivi. Wimbi linaloingia wima kutoka juu, uga wake unakata tyubu, linapita kama hakuna kitu.

Angalia programu yako inaandika wimbi kwa muda kama e^(jωt) au e^(−iωt); fomula yangu ni ya e^(jωt). Ukikosea alama ya ν, bloku itazalisha nishati badala ya kuipoteza.

nusu_metali
Hiyo 42 THz ni kama zote ni za metali. Kwenye mchanganyiko wa kawaida ni takriban theluthi tu, kwa hiyo ukilinganisha na sampuli halisi tumia 24 THz. −17 inakuwa −5. Kwa 1/ν (muda kati ya migongano) watu huanza na 3 ps, ila tyubu zenye kasoro zinaishusha.

Halafu PML, lile tabaka la kunyonya mawimbi kwenye mipaka ya modeli. Bloku hii ina mawimbi yanayorudi nyuma (mafundo yanakwenda kinyume na nishati), PML ya kawaida inayakuza hadi namba zilipuke. Malizia na tabaka ambalo ν yake inapanda taratibu.

Mawimbi_Lab
Safi. Tyubu zina urefu wa 150 nm. Bado inafaa?

Kinzani
Hapo hapana. Wimbi linalofuata tyubu linakwenda kama 3×10⁶ m/s, mara 100 polepole kuliko mwanga, na kwa 10 THz urefu wake ni kama 300 nm. Uko karibu kabisa na rezonansi ya nusu wimbi. Kwenye ile fomula, toa v²kz² ndani ya mabano yaliyo chini ya mstari wa kugawia (v ni kasi hiyo ya wimbi, kz ni namba yake ya wimbi kufuata tyubu), halafu lazimisha mkondo uwe sifuri kwenye ncha zote mbili.