Naomba ushauri: awk au Miller kwa faili la CSV la mauzo ya tumbaku?

Wakuu, habari. Nachagua kati ya awk na Miller, programu mbili za kuchakata data ya safu kwa amri za terminal. Faili ni la chama cha msingi cha wakulima hapa Urambo, Tabora: CSV (safu zimetenganishwa kwa mkato) yenye safu nne (jina, kijiji, kilo, daraja), limetoka Excel. Nataka jumla ya kilo kwa kila kijiji.

Grep na sed (za kutafuta na kubadilisha maandishi) nimeziweka kando, maana hapa kazi ni ya safu na hesabu. Tatizo ni kilo zilizoandikwa "1,250" ndani ya alama za nukuu. `awk -F,` na `cut -d,` hukata kwenye mkato huo, safu zote zinazofuata zinasogea, na jumla inatoka pungufu bila onyo lolote. Hilo ndilo linanitisha, kwa sababu ni malipo ya watu. Tena mistari ya Excel huishia na `\r` (herufi isiyoonekana), hivyo kulinganisha `$4` (safu ya nne) na daraja kunagoma hadi upitishe `tr -d '\r'` kwanza.

Chaguo la `--csv`, linaloelewa nukuu, linahitaji gawk 5.3 (gawk ni awk ya GNU), hazina ya Ubuntu 24.04 ina 5.2. Inabaki FPAT (kigezo cha gawk kinachoeleza umbo la safu badala ya kitenganishi), kisha `gsub(/[",]/,"",$3)` kabla ya kujumlisha.

Miller inasoma nukuu vizuri, ila mkato wa maelfu bado uuondoe mwenyewe. Je, ukiuondoa kwa `gsub` ndani ya `put` (amri ya Miller ya kubadilisha safu), `stats1 -a sum` (amri yake ya kujumlisha) inaipokea thamani hiyo kama namba, au lazima nipitishe `int()`? Na kwa karani atakayerithi kazi hii, ipi inasomeka kirahisi zaidi?