Mrejesho: tambi na maharage kwenye kikaango kimoja

Wapendwa, juzi niliuliza: nikirudi kazini saa 12 jioni hapa Mwanga, Kigoma, nipike nini cha Kiitaliano bila nyama, haraka? Dada mmoja akanishauri tambi na maharage, ambayo Waitaliano huita pasta e fagioli.

Jana nimepika. Punje 4 za kitunguu saumu kwenye mafuta, moto mdogo zisiungue, kisha nyanya 5 zilizoiva. Nyanya ziacheni ziwe rojo mpaka mafuta yaelee juu. Utamu wote uko hapo. Maharage yalishachemshwa tangu juzi, tambi nikazivunjia humohumo na maji ya moto. Mawese sikutia, yangefunika ladha ya nyanya.

Watoto wamelamba sahani. Dada, asante sana, umeniokoa.